Oveni ya mezani: moto juu, moto chini, na mita ya LUKU

Juma hili nimechagua jambo la jikoni. Usiondoke, bwana uliyezoea kuambiwa kwamba ya jikoni hayakuhusu. Jambo hili linagusa LUKU, na LUKU inawahusu wote walio chini ya paa moja.

Kila mwaka minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, mji wa Mtwara hubadilika sura. Wakulima wanalipwa, na wafanyabiashara wanashuka kutoka Dar es Salaam na mizigo ya kila namna: magodoro, pikipiki, televisheni, redio za kutikisa ukuta. Miaka ya karibuni kimejitokeza kitu kingine madukani na kwenye meza za kando ya barabara. Ni kisanduku cha bati chenye mlango wa kioo, vitufe vitatu vya kuzungusha, na picha ya kuku mzima wa rangi ya dhahabu kwenye boksi lake. Hiyo ndiyo oveni ndogo ya umeme, ya kuweka juu ya meza. Wengine huiita jiko la keki. Wengine huiita maikrowevu, na hilo si sahihi, nitaeleza punde.

Swali ninaloulizwa ni fupi: tununue au tusinunue? Jibu langu si fupi kiasi hicho, kwa sababu linategemea unakaa wapi, unalipa umeme kwa bei ipi, unapika nini, na mita ni ya nani.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwani hapo wengi watashangaa kwamba jambo lenyewe wanalijua tangu utotoni. Bibi zetu wa pwani walipotaka kuoka mkate wa kumimina waliweka sufuria juu ya makaa, wakafunika kwa bati au mfuniko, kisha wakapalia makaa mengine juu yake. Moto juu, moto chini. Wengine walitia mchanga kwenye sufuria kubwa, wakaweka chombo cha unga wa keki juu ya mchanga huo ili moto wa chini usiunguze. Sasa fungua mlango wa oveni ya dukani uchungulie: utaona koili mbili juu na koili mbili chini. Kitufe kimoja kinachagua uwashe za juu, za chini, au zote. Kitufe cha pili kinapima joto, cha tatu kinahesabu dakika na kugonga kengele. Ni sufuria ya bibi iliyotiwa umeme, ila makaa yake hayapoi na hayahitaji kupepewa.

Koili hizo ni waya wa nikeli na kromi. Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko huo mwaka 1906, na bila huo tusingekuwa na tosta, pasi za umeme wala majiko ya koili. Waya wa kawaida ukipashwa hadi kuwa mwekundu huungua upesi kwa sababu ya hewa. Huu hujitengenezea ngozi nyembamba juu yake inayouzuia usiliwe. Tosta za kwanza za kampuni ya General Electric zilitoka mwaka 1909. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 1956, tosta yenye mlango ambayo pia ilikuwa oveni ndogo.

Hapa naomba usikilize vizuri, maana ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao tayari walikuwa na oveni kubwa nyumbani. Mmarekani aliona ni hasara kuwasha oveni kubwa kwa ajili ya slesi mbili za mkate, akatengenezewa ndogo. Kwake ni kifaa cha pili, cha kupunguza gharama. Kwetu ni kinyume. Nyumba nyingi za Mtwara hazijawahi kuwa na oveni ya aina yoyote, na hiki kisanduku ndicho oveni ya kwanza na ya mwisho. Kwa hiyo sifa inayoandikwa kwenye boksi, kwamba kinaokoa umeme, ni kweli kwa aliyekuwa akitumia oveni kubwa. Kwako wewe uliyekuwa ukitumia mkaa, kitaongeza umeme.

Kitaongeza kiasi gani? Tufanye hesabu.

Oveni nyingi za ukubwa huu zinatumia wati 1,200 hadi 2,000. Tuchukue wati 1,500. Ikiwaka saa nzima bila kupumzika itakula uniti moja na nusu. Lakini haiwaki bila kupumzika: joto likifika pale ulipoweka, kidhibiti joto kinazima koili, likishuka kinawasha tena. Ndiyo ule mlio wa ta, ta, unaousikia. Keki ya kawaida, pamoja na dakika kumi za kupasha oveni, itakugharimu kama uniti moja.

Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi linaloitwa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA na EWURA inakuwa shilingi 122. Mteja wa kundi la T1 analipa shilingi 292, ambazo pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Kwa hiyo keki moja ni shilingi 122 kwa huyu na 356 kwa yule. Linganisha na kopo la mkaa unalonunua mtaani kwako. Utaona kwamba hata kwa bei ya T1 umeme hauna haya ya kusimama karibu na mkaa.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye ule mpaka wa uniti 75.

Chukua nyumba ndogo yenye taa tano za wati saba zinazowaka saa tano kila usiku: uniti tano kwa mwezi. Televisheni ya wati 60, saa tano kwa siku: tisa. Feni ya wati 60 usiku kucha, saa kumi, na hapa Mtwara mwezi wa Desemba hakuna anayelala bila feni kama anayo: kumi na nane. Friji ndogo, uniti moja kwa siku: thelathini. Jumla ni uniti 62, na kwa bei ya shilingi 122 hiyo ni shilingi 7,564, mbali na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021. Familia hiyo iko salama ndani ya D1.

Sasa imeingia oveni. Asubuhi slesi za watoto, jioni samaki, Jumapili keki. Tuseme kwa wastani koili zinawaka nusu saa kila siku. Hiyo ni uniti 22 na nusu kwa mwezi, na jumla inakuwa kama 84. Uniti tisa zilizozidi hazihesabiwi tena kwa shilingi 100. Kwa mteja wa D1 zinakwenda kwa shilingi 350 kabla ya kodi, yaani kama 427 kila moja. Bili inafika karibu shilingi 13,000. Na akizidi mara kwa mara hadi akahamishiwa T1, basi uniti zote 84 zinahesabiwa kwa 356, na hizo ni karibu shilingi 30,000. Kutoka elfu saba na mia tano hadi elfu thelathini! Mwenye nyumba atasema oveni inakula umeme kama moto wa kifuu. Kumbe oveni haikula sana, bali ilikuta kikapu kimeshajaa.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniuliza: kabla ya kwenda dukani, chukua risiti zako za LUKU za miezi mitatu, jumlisha uniti, uone umebakiza ngapi kufikia 75. Ukiwa na uniti 40, nunua bila wasiwasi. Ukiwa na 70, ujue unanunua pia tatizo. Na ukiwa tayari uko T1, mpaka huo haukuhusu. Wewe fanya hesabu ya 356 kwa kila keki, uamue.

Kuna jambo gumu kuliko hesabu, nalo ni nyumba ya kupanga. Vyumba sita, mita moja. Kila mwezi wapangaji wanachanga kiasi sawa, au wanahesabiana kwa taa na televisheni. Mpangaji mmoja akileta oveni, amani huvunjika kabla keki haijapoa. Utasikia uani: "Mama Fulani, harufu tumeisikia, lakini uniti zimekwisha saa mbili usiku." Naye atajibu kwamba alichanga kama wengine. Wote wawili wana haki yao. Nimeona nyumba ambamo jambo hilo lilifika kwa mjumbe. Dawa ninayoijua ni mita ndogo ya ndani, ile ya kuhesabia tu, ambayo fundi umeme anaifunga kwenye waya unaokwenda chumbani kwako. Kila mmoja analipa alichotumia, na harufu ya keki inabaki kuwa harufu tu. Mpangaji asiye na mita hiyo, mimi ningemshauri asinunue oveni, au azungumze kwanza na wenzake, tena aanze kwa kuwapelekea sahani.

Tukiacha fedha, tuangalie kazi yenyewe. Oveni hii inafanya nini vizuri?

Inafufua vitu vilivyolala. Mkate wa jana umekuwa mgumu si kwa sababu umekauka tu, bali wanga wake umejipanga upya na kukaza. Joto linaulegeza tena. Nyunyiza maji kidogo, tia dakika tano kwenye nyuzi 160, utadhani umetoka tanurini. Sambusa na maandazi ya jana ni hivyohivyo. Na hapa ndipo utakapoona tofauti na maikrowevu. Maikrowevu haina moto. Inatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula hadi yapate joto, kwa hiyo sambusa inatoka moto lakini imelowa, ngozi yake kama kitambaa. Chakula huwa cha rangi ya dhahabu pale ngozi yake inapokauka na kuvuka kama nyuzi 140. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyoungana kwa joto na kuleta rangi hiyo. Maikrowevu haifiki huko kirahisi, oveni inafika.

Samaki je? Kolekole au changu uliyemnunua pwani asubuhi, ukamchana, ukampaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akikaa dakika ishirini na tano kwenye nyuzi 200 anatoka vizuri sana, na umetumia kijiko kimoja cha mafuta mahali pa nusu lita ya kukaangia. Kwa mtu aliyekatazwa mafuta hospitalini, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Ila harufu itakaa ndani ya chumba hadi kesho, hilo nikuambie mapema. Kuku wa kienyeji usimwamini moja kwa moja kwenye oveni hii. Mchemshe kwanza alainike, oveni impe rangi. Yule kuku wa kwenye boksi ni wa kizungu, wa wiki tano.

Na korosho. Hapa Mtwara hatuwezi kuzungumzia oveni bila korosho. Zile zilizobanguliwa, nyeupe, zinakaangika vizuri kwenye trei kwa nyuzi 150, dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, ukizigeuza mara mbili na kuzitoa kabla hazijafikia rangi unayoitaka, maana zinaendelea kuiva zikiwa nje. Lakini korosho zenye maganda zisiingie kabisa kwenye oveni ya nyumbani. Ganda lile lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Ndiyo maana vijijini zinachomwa nje, mchomaji akisimama upande upepo unakotoka. Ukiziweka kwenye kisanduku chenye koili nyekundu, ndani ya chumba kilichofungwa, umejitafutia moto na sumu kwa pamoja.

Oveni hii haifanyi nini? Haisongi ugali. Haichemshi maharage, haipiki wali wala mchuzi wa nazi. Watu husahau jambo hili wakiwa dukani. Chakula chetu cha kila siku kinataka sufuria na moto wa chini, kwa hiyo oveni haiwezi kuondoa jiko la mkaa au la gesi nyumbani kwako. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kama una fedha za kifaa kimoja tu na hadi leo unapikia mkaa, basi mimi nasema bila kusita: anza na jiko la gesi la plati mbili, au sufuria ya umeme yenye presha inayoivisha maharage kwa uniti chache. Oveni ije baadaye.

Nimetaja gesi, na msikilizaji wa Mtwara atauliza: gesi si yetu? Hapa kuna mkanganyiko. Gesi iliyogunduliwa Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, mwaka 1982 ni ya asilia, inayosafiri kwa bomba. Ya mtungi ni ya aina nyingine, inakuja kwa meli kutoka nje. Hata hivyo ile ya Msimbati inaingia jikoni mwako kwa njia ya waya. Kwa muda mrefu mji huu uliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Tangu mwaka 2007 mitambo ya hapa mjini imekuwa ikizalisha umeme kwa gesi hiyo ya mlangoni mwa Ruvuma. Injini ya gesi inapoteza zaidi ya nusu ya joto lake kabla halijawa umeme. Kisha koili ya oveni inaugeuza umeme huo kuwa joto tena. Mhandisi yeyote atakwambia ni njia ndefu ya kupika samaki, na kwamba bomba lililofika jikoni lingekuwa njia fupi. Wachache wameunganishiwa bomba la namna hiyo. Bomba kubwa la kwenda Dar es Salaam, lililozusha ghasia hapa mwaka 2013, lilikamilika mwaka 2015. Sitaki kurudia mjadala ule leo. Nasema tu kwamba mtu wa Mtwara anayewasha oveni ana haki ya kufikiri safari hiyo.

Turudi nyumbani. Umeme wetu unapungua nguvu jioni, watu wote wanapowasha vitu. Waya unapoleta volti 200 mahali pa 230, oveni ya wati 1,500 inafanya kazi kama ya wati 1,100 na kidogo, kwa sababu nguvu ya koili inashuka haraka kuliko volti. Keki iliyoiva kwa dakika 40 mchana itataka saa nzima usiku, na wapishi wengi wanadhani wamekosea unga. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Joto la ndani litaisukuma keki kwa dakika kumi hivi. Ukirudi ndani ya muda huo umeponea. Usiporudi, palia makaa kama bibi.

Hatari kubwa zaidi ni waya. Nyumba nyingi zilitiwa umeme kwa hesabu ya taa na redio. Soketi ya kifaa kama hiki inataka waya wa milimita 2.5 za mraba, na erthi ya kweli, si tundu la tatu la mapambo. Kibaya zaidi ni ekstensheni za bei nafuu, zenye waya mwembamba kama wa spika. Weka juu yake oveni ya wati 1,500, birika la 2,000 na pasi ya 1,000: umefika wati 4,500, ambazo ni karibu ampea 20 zinazopita kwenye plagi ya ampea 13. Fyuzi ikiwa halali itakatika. Lakini mafundi wetu wa mtaani wana tabia ya kufunga kipande cha waya mahali pa fyuzi, na hapo kitakachokatika ni kitu kingine. Gusa plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto, zima. Oveni ipate soketi yake peke yake, na nafasi ya kiganja kila upande, mbali na pazia. Kioo cha mlango kinafika joto la kuunguza, nacho kiko kwenye kimo cha uso wa mtoto wa miaka mitatu.

Katika vifaa vya mitumba kuna mtego mwingine. Oveni za kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120, za Japani kwa volti 100. Ukiichomeka ya Marekani kwenye 230, haiwi mara mbili bali karibu mara nne: wati 1,500 zinataka kuwa zaidi ya 5,000. Koili inang'aa kama jua kwa sekunde chache, kisha kwaheri. Muuzaji atakwambia tumia transfoma. Transfoma ya kubeba wati 1,500 ni nzito kama tofali na bei yake inaweza kuzidi ya oveni. Achana nayo.

Na sisi tunaoishi kando ya bahari tuna adui asiyemsumbua mtu wa Dodoma: chumvi. Hewa ya Shangani au Mikindani inakula bati mchana na usiku. Oveni ya bei ya chini inaanza kutu kwenye bawaba za mlango na chini ya trei ya chengachenga. Ukimaliza kuoka, iache wazi ipoe, ifute mafuta na makombo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha iwashe tupu dakika tano ikauke. Mafuta ya samaki yakibaki kwenye ukuta wake yatashika unyevu wa chumvi, na baada ya misimu miwili utakuwa na chuma chakavu.

Kwa mama anayefikiria biashara, hesabu ni ya kutia moyo kuliko nilivyotarajia. Trei moja inachukua skonzi kumi na mbili, dakika ishirini. Skonzi sitini ni trei tano, yaani chini ya saa mbili pamoja na kupasha, na umeme ni kama uniti mbili. Kwa bei ya 356 ni shilingi 712, au shilingi kumi na mbili kwa skonzi moja. Mkaa haukupi hivyo, wala hautakuruhusu kufua huku ukisubiri kengele. Kasoro ni kwamba trei ni moja. Siku ukipata oda ya skonzi mia tatu za harusi, hutalala, na oveni ya nyumbani haikutengenezwa kuwaka saa kumi mfululizo. Ukiona oda za namna hiyo zinakuja kila juma, ni wakati wa kutafuta oveni kubwa ya gesi, na hii ndogo ibaki ya slesi za watoto.

Kosa la wengi mwanzoni ni kuamini namba za kwenye kitufe. Ndani ya oveni ndogo koili iko karibu mno na chakula, hivyo keki inaungua juu huku katikati ni uji. Shusha nyuzi ishirini kutoka zile za kwenye mapishi, weka trei kwenye ngazi ya chini, na rangi ikishapatikana funika kwa karatasi ya foili, isiguse koili. Kipimo cha bure cha joto ni sukari, inayoyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko kimoja juu ya foili robo saa kwa nyuzi 175: haitakiwi kuyeyuka. Halafu robo saa kwa 190: inatakiwa iyeyuke. Ikienda kinyume, umejua kitufe chako kinadanganya kwa upande gani. Zile zenye feni ndani zinasambaza joto vizuri zaidi, na hicho kinachouzwa sasa kwa jina la eafraya si uchawi mpya; ni oveni ndogo yenye feni kali, iliyofanywa maarufu na kampuni ya Philips tangu mwaka 2010.

Ukiamua kununua, usikubali kupewa boksi lililofungwa. Mwambie muuzaji aichomeke palepale dukani. Soma kibandiko cha nyuma kama kimeandikwa volti 220 hadi 240, na wati ngapi. Washa juu, kisha chini, uone kama koili zote nne zinashika wekundu. Funga mlango, pitisha karatasi pembeni. Ikipita kirahisi, na joto litapita. Kamata waya wake: ukiwa mwembamba na laini kama wa chaja, rudisha. Dai risiti yenye jina la duka, maana muuzaji wa msimu wa korosho Februari hutamkuta. Na ukifika nyumbani iwashe mara ya kwanza ikiwa tupu, madirisha wazi, dakika kumi na tano. Utaona moshi kidogo na kusikia harufu ya mafuta ya kiwandani. Huo si ubovu. Moshi ukirudi mara ya tatu, ibebe na risiti yako urudi dukani siku hiyohiyo.